Asili ya Jina "Tippu Tip": Maelezo Matatu na Ushahidi wa Lugha

1. Utangulizi

Katika historia ya Kasongo na Kabambare, kusini ya Maniema, ni wageni wachache walioacha jina zito kama Hamed bin Muhammed el Murjebi. Mfanyabiashara huyu alizaliwa Unguja kwenye mwaka 1837 hivi, akafanya Kasongo kuwa makao yake makuu katika bara, akawekwa na Mfalme Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na akafariki Unguja mwezi Juni 1905. Lakini si kwa jina la baba yake wala kwa nisba ya kabila lake anakojulikana. Vitabu, ramani na simulizi za wazee humtaja kwa lakabu: Tippu Tip.

Lakabu hiyo imepewa maana zaidi ya moja. Wapo wanaosema ni mlio wa bunduki; wapo wanaosema ni kupepesa kwa macho; na wapo wanaosema ni mkusanya mali. Msomaji aliyelelewa Maniema huenda amesikia moja tu kati ya hizo, akaishika kuwa ndiyo kweli. Makala haya yanakusudia kuyaweka maelezo hayo matatu pamoja, kuyapima kwa wakati na mahali yalikotokea, kisha kuyapima kwa kanuni za sauti na umbo la maneno. Itaonekana kwamba lugha inaweza kutupa jibu la sehemu moja ya swali, na kwamba sehemu iliyobaki ni ya historia: ni nani aliyempa mtu huyu jina, na ni nani anayetusimulia habari hiyo.

2. Maelezo matatu

Maelezo ya kwanza kuandikwa ni yale ya mali. Yamo katika shajara za mwisho za David Livingstone, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874. Humo inasimuliwa kwamba baada ya kumshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, Hamed alisimama mbele ya nyara zilizotekwa, akazikusanya karibu zaidi, akajitangaza kuwa sasa yeye ni "Tipo Tipo", yaani mkusanya mali. Katika simulizi hii mwenye jina ndiye aliyejiita.

Maelezo ya pili ni yake mwenyewe. Katika miaka ya uzee wake huko Unguja, Hamed aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Heinrich Brode, mwanadiplomasia wa Kijerumani, akaziandika upya kwa hati ya Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley alizitoa tena kwa Kiswahili na Kiingereza katika miaka ya 1958 na 1959, na François Bontinck akazitolea tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974. Katika kitabu hicho Hamed anaeleza kwamba jina alipewa na wenyeji, zamani za vita vyake katika nchi ya Chungu, upande wa kusini ya ziwa Tanganyika. Watu waliokimbia walisema kwamba bunduki zake zililia "tip tip" kwa namna ambayo masikio hayakuweza kuvumilia. Hapa mwenye jina si aliyejiita. Amepokea jina kutoka vinywani mwa walioshindwa.

Maelezo ya tatu yanahusu macho. Yalienea katika vitabu vya Wazungu, akiwemo Brode katika wasifu alioutoa mwaka 1905: kwamba jina lilitokana na tabia ya Hamed ya kupepesa kope upesi upesi, na kwamba kuna ndege mwenye tabia hiyo aliyefananishwa naye. Jambo lenyewe la macho lina shahidi mwingine. Henry Morton Stanley, aliyekutana na Hamed huko Maniema mwezi Oktoba 1876, alimweleza kuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyeusi na sura ya akili, ambaye macho yake yalikuwa yakichezacheza.

Ni vema kutofautisha mambo mawili hapa, kwa kuwa yanachanganywa mara nyingi katika masuala ya etimolojia. Ushahidi wa Stanley unathibitisha kwamba macho ya Hamed yalikuwa yakicheza. Hauthibitishi kwamba jina lilitoka machoni. Vivyo hivyo hakuna anayekana kwamba alikuwa na bunduki nyingi na mali nyingi. Maelezo yote matatu yanasimama juu ya jambo la kweli kuhusu mtu huyu. Kwa hiyo ukweli wa jambo hautoshi kuamua asili ya neno.

3. Mahali na wakati wa kuzaliwa kwa jina

Kipimo cha kwanza ni cha tarehe. Livingstone alikutana na Hamed mwezi Julai 1867, baada tu ya vita vya Nsama, na katika maandishi yake anamtaja kwa jina la Tipo Tipo. Hivyo mwaka 1867 jina lilikuwa limekwisha patikana. Livingstone mwenyewe aliingia Kabambare, ambako alikuita "Bambarre", mwezi Septemba 1869. Naye Verney Lovett Cameron alimkuta Hamed Nyangwe mwaka 1874, akamwandika vilevile Tipo-tipo.

Matokeo ya tarehe hizi ni makubwa kwa mwanafunzi wa lugha za Maniema. Jina halikuzaliwa Kasongo wala Kabambare. Lilifika huko likiwa limekwisha fanywa, limebebwa na misafara iliyotoka kusini ya ziwa Tanganyika. Anayejaribu kulieleza kwa mzizi wa Kibangubangu, wa Kikusu au wa Kizimba anaanza safari mahali ambapo safari ya jina ilikuwa imekwisha kwenda mbali. Akipata katika lugha hizo kitenzi kinachofanana na "tip", mfanano huo unaweza kueleza jinsi wenyeji walivyolielewa jina walipolisikia. Hauwezi kueleza jinsi lilivyoanza. Lugha za kuchunguza ni za Watabwa, Walungu na majirani zao, pamoja na Kiswahili cha misafara, ambacho wapagazi na askari wa Hamed walizungumza.

Kipimo hiki hakiondoi hata moja katika maelezo matatu. Mali na bunduki yote mawili yamefungwa na vita vya miaka hiyo. Macho hayahitaji vita, na jina lililotokana nayo lingeweza kuanzia popote, hata pwani. Inabidi basi kuliangalia umbo la neno.

4. Ushahidi wa umbo

Maandishi ya zamani yanatupa maumbo matatu: Tipo Tipo kwa Livingstone na Cameron, Tippu-Tib kwa Stanley, Tippu Tip na tip tip kwa kitabu cha Hamed kama kilivyochapishwa na Brode. Konsonanti mbili za mwanzo, t na p, pamoja na irabu i iliyo kati yao, hazibadiliki, ila p ya mwisho inageuka b kwa Stanley. Kinachobadilika hasa ni irabu ya mwisho: mara ni o, mara ni u, mara haipo kabisa.

Suala la b ni rahisi. Alfabeti ya Kiarabu haina herufi ya p, na waandishi wengi wa Kiswahili katika hati hiyo walitumia herufi ya ba kwa sauti zote mbili. Tena mzungumzaji wa Kiarabu asiyezoea p huitamka kama b. Kwa hiyo "Tib" si neno jingine, wala hakuna haja ya kulitafutia asili katika neno la Kiarabu tibb, lenye maana ya uganga wa dawa. Huo ni mfano wa mfanano wa bahati unaoweza kumpoteza mtafiti anayetegemea tahajia peke yake.

Suala la irabu lina uzito zaidi. Katika lugha za Kibantu silabi kwa kawaida huishia kwa irabu. Neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti likiingia katika Kiswahili huongezewa irabu, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Baada ya konsonanti za midomo, yaani b, p na m, irabu inayoongezwa mara nyingi ni u. Kiarabu kitab kimekuwa kitabu, hisab imekuwa hesabu, qalam imekuwa kalamu. Na katika maneno ya Kizungu tunapata klabu, stempu na pampu. Basi neno fupi "tip" likiingia katika kinywa cha Mswahili, umbo tunalolitarajia ni tipu. Hilo ndilo tunaloliona katika sehemu ya kwanza ya jina. Umbo la tipo nalo haliko mbali, kwa kuwa o na u hutamkwa karibu, na sikio la mgeni huweza kuzichanganya.

Sasa maelezo ya ndege yanaweza kupimwa. Kiswahili kina neno tipitipi, jina la ndege wa jamii ya dudumizi, mwenye macho mekundu yanayoonekana wazi. Mfanano na lakabu unavutia mno. Lakini tipitipi ina i imara mwishoni mwa kila nusu, na i hiyo ya mwisho haionekani katika umbo hata moja kati ya yale matatu ya zamani. Kama wapagazi walikuwa wakimwita kwa jina la ndege wanayemjua, ni vigumu kueleza kwa nini Livingstone alisikia o, Stanley akasikia u, na mwenyewe akaandika bila irabu. Livingstone ni kweli hakuwa mwandikaji asiyekosea: Kabambare aliifanya Bambarre, akaacha kiambishi cha mwanzo. Hata hivyo irabu ya mwisho ya jina hilo aliihifadhi.

Maelezo ya mali nayo yana udhaifu wake. Nomino ya mtenda katika lugha za Kibantu hutokana na kitenzi, na kwa kawaida huvaa kiambishi cha mtu: Kiswahili husema mkusanyaji, mlimaji, msusi. Simulizi ya mwaka 1874 haitaji kitenzi chochote chenye maana ya kukusanya ambacho kingezaa neno hilo. Inatoa tu tafsiri. Kuna pia suala la takriri. Katika lugha hizi kurudia mzizi kwa kawaida huonyesha tendo linalofanyika mara nyingi au kwa vipande vidogo vidogo, kama katika kuchezacheza au kuchekacheka. Mtu anayekusanya mali yote mahali pamoja kwa mara moja hahitaji takriri.

Linabaki pendekezo la tanakali, yaani neno linaloiga sauti au linalochora namna ya tendo. Kiswahili kina tanakali nyingi, na nyingi hujirudia ndani yake: mtu hulala fofofo, giza huwa totoro, nguo huwa nyeupe pepepe. Tena tanakali katika lugha nyingi za dunia huruhusiwa kuvunja kanuni za kawaida za sauti, hata kuishia kwa konsonanti pale ambapo maneno mengine hayaruhusiwi. Tukichukua kwamba jina lilianza kama tanakali "tip tip", mambo matatu yanaelezeka kwa pamoja: takriri, kukosekana kwa kiambishi cha mtu, na kuyumba kwa irabu ya mwisho. Irabu inayumba kwa sababu haikuwamo katika neno la asili; kila msikilizaji na kila mwandishi aliiongeza au aliiacha kwa njia yake.

Pingamizi moja lastahili kutajwa. Tahajia ya "Tippu" huenda haikutoka midomoni mwa Waswahili peke yao. Wasomaji wa Kiingereza wa karne ya 19 walilifahamu vema jina la Tipu Sultan wa Mysore, India, aliyeuawa mwaka 1799, na kumbukumbu hiyo ingeweza kumvuta mwandishi aandike u. Lakini hata tukiondoa ushahidi wa u, bado i ya tipitipi haijarudi, na kitenzi cha kukusanya bado hakijapatikana. Hoja inapungua nguvu, haianguki.

5. Tanakali ya kitu gani?

Hapa ndipo mpaka wa isimu unapoonekana. Umbo la neno linaelekea kutuambia kwamba jina ni tanakali. Halituambii ni tanakali ya nini. Tendo fupi, la ghafla, linalojirudia upesi, linaweza kuwa mlio wa bunduki nyingi zinazofyatuliwa moja baada ya nyingine. Linaweza pia kuwa kope zinazofunguka na kufunga. Maelezo ya bunduki na maelezo ya macho, ambayo katika vitabu hupangwa kama wapinzani, yanaweza kuwa matumizi mawili ya tanakali moja. Inawezekana kabisa kwamba jina lilianza kwa sababu moja, na waliomwona mtu huyo kwa karibu wakaliona linafaa kwa sababu ya pili.

Ili kusonga mbele inabidi kutazama desturi ya lakabu katika nchi na wakati ule. Muhammad bin Khalfan el Barwani, aliyepigana na Wabelgiji katika sehemu za mashariki, aliitwa Rumaliza, jina lenye kitenzi maliza ndani yake. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na baadaye jina hilo likahamia kwa serikali nzima ya wakoloni. Francis Dhanis, aliyeiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, alijulikana kama Fimbo Nyingi, au kwa matamshi ya Kongo Fimbo Mingi. Katika mashariki ya Kongo watu wa Hamed waliitwa Batambatamba, jina ambalo nalo lina takriri. Hamed mwenyewe alipata kuitwa na Wazaramo Kingugwa, kwa jina la mnyama mkali.

Katika majina haya sura ya mtu haina nafasi kubwa. Rumaliza na Bula Matari ni majina ya tendo. Fimbo Nyingi ni jina la chombo kilichotumiwa juu ya miili ya watu. Kingugwa ni jina la namna ya kushambulia. Ni majina yaliyotolewa na watu waliotazama mkono wa mgeni kuliko uso wake, kwa kuwa mkono ndio uliowafikia. Ukiliweka jina la Tippu Tip katika safu hii, mlio wa bunduki unakaa mahali pake bila kusukumwa. Kope zinazopepesa zingekuwa jambo la pekee. Huu ni ushahidi wa ulinganifu, si ushahidi wa kukata maneno. Lakini unaelekea upande uleule wa maelezo aliyoyatoa mwenyewe.

6. Ni nani anayesema?

Hata hivyo maelezo ya mwenyewe yanahitaji tahadhari ya namna yake. Hamed aliandika zaidi ya miaka 30 baada ya vita vile, akiwa mzee mwenye heshima na mashamba Unguja, na mji wake wa Kasongo ukiwa umekwisha anguka. Anawatia wakimbizi wasiotajwa majina maneno ya hofu vinywani, na hofu hiyo ni sifa kwake. Walioogopa hawakuandika. Sauti yao imetufikia kupitia kalamu ya yule waliyemkimbia.

Kwa sababu hiyo tofauti kati ya maelezo ya mwaka 1874 na yale ya kitabu chake si tofauti ya maana tu. Katika yale ya kwanza jina ni tangazo la mshindi juu ya mali. Katika yale ya pili jina ni neno la walioumizwa, lililookotwa na mshindi na kuvaliwa kama nishani. Anayefundisha kwamba "Tippu Tip maana yake ni mkusanya mali" na anayefundisha kwamba "Tippu Tip maana yake ni mlio wa bunduki" hawafundishi historia moja. Wa kwanza anaanza na pembe za ndovu. Wa pili anaanza na watu wanaokimbia.

Uchunguzi wa umbo unaunga mkono wa pili, na hilo si jambo dogo. Ikiwa neno ni tanakali, basi ni kipande cha usikivu wa watu wa kusini ya ziwa Tanganyika katika miaka ya 1860: namna masikio yao yalivyopokea silaha mpya. Habari nyingine nyingi za watu hao zimetufikia kwa lugha ya wengine. Hii imetufikia kwa sauti yao, ingawa imefungwa ndani ya jina la mtu mwingine.

7. Hitimisho

Yaliyopatikana yanaweza kufupishwa hivi. Jina la Tippu Tip lilikuwapo kufikia mwaka 1867, nje ya Maniema. Kwa hiyo asili yake isitafutwe katika lugha za Kasongo na Kabambare. Umbo lake linapingana na jina la ndege tipitipi na halipati msaada wa kitenzi chochote cha kukusanya kilichotajwa. Linaafikiana na tanakali, na desturi ya lakabu za wakati huo inaifanya tanakali ya bunduki iwe na nguvu kuliko ya macho, bila kuizuia ya macho kuwa maana ya pili.

Maniema hata hivyo haiko nje ya suala hili. Karibu na Kasongo ya leo lipo eneo la Tongoni, ulipokuwapo mji wa zamani wa Hamed. Jina hilo ni Kiswahili kitupu, likitokana na tongo, mahali palipohamwa. Jina la mji limekuwa jina la mahame yake, na kila anayelitamka anatoa habari ya yaliyotokea bila kukusudia. Wazee wa Kibangubangu, wa Kikusu na wa Kizimba wana tanakali zao za bunduki, majina yao ya ndege, na lakabu zao za wageni waliopita. Kuyaandika hayo, pamoja na jina la lugha, mahali na mwaka wa kila neno, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye daftari na subira. Na mwalimu anayeulizwa darasani maana ya jina la Tippu Tip atakuwa ametenda haki akijibu kwanza ni nani aliyesema nini na mwaka gani, kabla ya kutaja maana yenyewe.